Jaribio la Kemia Linapokataa Mjini Goma: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Vitabu vingi vya kemia vinavyosomwa katika shule zetu za sekondari vimeandikwa kana kwamba kila darasa liko pwani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu hektopaskali 850, wakati pwani ni karibu 1,013. Maana yake ni kwamba, kwa joto lilelile, lita moja ya hewa ya Goma ina molekuli pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko lita moja ya hewa ya Moanda au Mombasa. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini huingia katika kila jaribio linalohusu kuchemka au gesi, na mwalimu asiyeihesabu atamkata mwanafunzi alama kwa jibu lililo sahihi.

Ndugu mwalimu, kabla ya kutafuta kosa katika chupa au katika mkono wa mwanafunzi, jiulize kwanza ikiwa namba unayoitafuta inategemea mgandamizo. Joto la kuchemka, ujazo wa gesi na kiasi cha gesi kinachoyeyuka majini huutegemea. Joto la kuyeyuka kwa barafu halibadiliki kwa kiasi ambacho vipimajoto vyetu vinaweza kukiona, na uzito wa vitu kabla na baada ya mmenyuko haubadiliki kabisa. Hata hivyo, mwinuko una mipaka yake: unapunguza joto la kuchemka kwa nyuzi 5 hivi, na unaongeza ujazo wa gesi kwa asilimia 19 hivi. Tofauti inayozidi hapo ina kisababishi kingine, na kuusingizia mwinuko ni kuficha tatizo badala ya kulitatua.

Dalili ya kwanza: maji yanachemka, lakini kipimajoto hakifiki 100

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na mara nyingi hakuna kitu kilichoharibika. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Hewa ikiwa nyepesi, ulinganifu huo hufikiwa mapema. Kwa kila mita 300 za kupanda, joto la kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi 1 ya Selisiasi. Kwa hiyo Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95, Lubumbashi, iliyo karibu mita 1,200, kwenye nyuzi 96, na aliyepanda volkano ya Nyiragongo hadi kwenye ukingo wake, karibu mita 3,470, atayaona maji yakichemka kabla ya nyuzi 90.

Kipimajoto kikisoma 94.5 hadi 95.5, andika namba hiyo na uendelee na somo. Kikisoma 92 au chini yake, angalia kwanza kama maji yanachemka kweli. Viputo vidogo vinavyoshikamana na kuta za chombo maji yakiwa kwenye nyuzi 50 au 60 ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, inayofukuzwa na joto. Kuchemka kwenyewe ni pale viputo vikubwa vinapozaliwa chini na kufika juu bila kupotea njiani. Kikisoma 97 au 98, kuna uwezekano mkubwa kwamba ncha yake imegusa sakafu ya chombo, ambayo ina joto kuliko maji yenyewe. Ining'inize katikati ya maji. Chumvi nayo hupandisha joto hilo, lakini kwa kiasi kidogo: gramu 58 katika kilo moja ya maji huongeza nyuzi 1 tu, hivyo ule uchafu kidogo wa maji ya bomba hauwezi kuwa sababu.

Na kikisoma 100 kamili? Hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi. Maji safi yakichemka katika chombo cha wazi hapa Goma, kipimajoto kinachoonyesha 100 kina kasoro, hata kama darasa zima limefurahi kwa sababu kitabu kimethibitishwa. Njia ya kukijaribu ni barafu. Nunua kipande kwa muuza vinywaji mwenye friji, kiponde, kichanganye na maji kidogo, koroga kwa dakika chache, kisha tumbukiza kipimajoto. Lazima kisome 0, hapa kama pwani. Kikisoma 4 au 5, umepata kisababishi, na unaweza kuendelea kukitumia kwa kuandika pembeni kiasi cha kutoa.

Wazazi wengi huuliza mambo mawili yanayofungamana na hili. La kwanza ni maharagi yasiyoiva. Kuongeza makala (makaa) kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, hakusaidii, kwa kuwa maji yakishachemka joto lake halipandi tena. Moto mkali huongeza mvuke tu na kumaliza makala. Kinachosaidia ni kuyaloweka usiku kucha, au kutumia sufuria ya presha, ambayo huzuia mvuke kutoka na kufikisha maji kwenye nyuzi zaidi ya 110. La pili ni usalama wa maji ya kunywa. Hapo pasiwe na hofu: maji yaliyochemka sawasawa kwa dakika moja kwenye nyuzi 95 huua vijidudu vya kipindupindu.

Dalili ya pili: ujazo wa gesi haulingani na hesabu

Hapa panahitaji subira, kwa sababu makosa mawili yanayopingana huweza kufutana na kuzaa jibu linalopendeza lakini lisilo kweli.

Chukua mfano wa bikaboneti ya sodiamu na siki. Gramu 2.1 za bikaboneti ni moli 0.025 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), na zikikutana na siki ya kutosha, yaani karibu mililita 30 za siki ya asilimia 5 au zaidi kidogo, hutoa moli 0.025 za hewa ya ukaa. Kitabu huzidisha kwa lita 22.4 na kupata lita 0.56. Lakini 22.4 ni ujazo wa moli moja kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa 1,013. Darasa la Goma lenye nyuzi 25 halina hata sharti moja kati ya hayo mawili. Kwenye nyuzi 25 na hektopaskali 850, moli moja ya gesi hujaza karibu lita 29.2, hivyo gesi ile inapaswa kufika lita 0.73. Ikikusanywa juu ya maji, huchanganyika na mvuke wa maji wenye mgandamizo wa karibu hektopaskali 32 kwenye joto hilo, na ujazo hupanda hadi karibu lita 0.76. Ningependa kila mwalimu wa kemia mjini aandike 29.2 juu ya ubao wake na kuieleza mwanzoni mwa mwaka, huku akiwakumbusha wanafunzi kwamba katika mtihani wa serikali swali linalotaja hali za kawaida bado linahitaji 22.4.

Kwa nini basi wanafunzi wengi hupata lita 0.56 au chini yake? Kwa sababu hewa ya ukaa huyeyuka majini kwa wingi. Kwenye joto la darasani, lita moja ya maji yaliyo chini ya gesi hiyo tupu huweza kumeza zaidi ya robo tatu ya lita. Gesi inayopita kama viputo katika beseni la maji mapya hupoteza sehemu yake njiani, nyingine hubaki ndani ya siki yenyewe, na nyingine hutoroka kabla kizibo hakijafungwa. Mwinuko umeongeza, maji yamepunguza, na mwanafunzi anaandika 0.56 akiamini kwamba jaribio limefaulu. Katika jaribio hili, jibu linalolingana na kitabu ndilo la kutiliwa shaka kwanza.

Ziwa Kivu linaonyesha tabia hiyo kwa ukubwa usio wa kawaida. Katika vilindi vyake vinavyokaribia mita 500 kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikishikiliwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kiwanda cha umeme kilichoko upande wa Rwanda huvuta maji ya chini kwa bomba, na maji hayo yanapopanda mgandamizo hupungua, gesi ikajitenga yenyewe kama viputo. Methani huyeyuka kidogo sana kuliko hewa ya ukaa, na ndiyo maana zinaweza kutenganishwa kwa kuosha mchanganyiko huo kwa maji.

Ili kujua gesi yako imepotelea wapi, pima uzito badala ya ujazo. Weka chupa yenye siki pamoja na karatasi yenye bikaboneti juu ya mizani midogo, ile inayosoma sehemu za gramu kama ya wapimaji wa dhahabu. Andika uzito wote, mimina bikaboneti polepole, rudisha karatasi, tikisa mpaka povu liishe, kisha pima tena. Uzito lazima upungue kwa karibu gramu 1.1, au pungufu kidogo kwa ile gesi iliyobaki ndani ya siki, na namba hiyo haijui mwinuko wala hali ya hewa. Ikiwa uzito umepungua ipasavyo lakini silinda ya gesi imeonyesha ujazo mdogo, mmenyuko umekamilika na tatizo liko katika ukusanyaji. Ikiwa uzito wenyewe haukupungua vya kutosha, siki ni chache, imechakachuliwa kwa maji, au bikaboneti si bikaboneti tupu. Unga wa kuumulia keki, kwa mfano, huchanganywa na wanga na asidi kavu, na gramu 2.1 zake haziwezi kutoa moli 0.025.

Kwa ukusanyaji, marekebisho ni haya. Tumia tena maji yaleyale ya jaribio lililotangulia, kwa kuwa tayari yameshiba gesi na hayatameza nyingi. Au achana na beseni na utumie sirinji kubwa ya mililita 60, iliyounganishwa na chupa ndogo kwa mpira wa seramu: gramu 0.12 za bikaboneti hutoa karibu mililita 42 za gesi hapa Goma, ambazo mililita chache tu zitabaki ndani ya siki ukiwa na siki kidogo. Lainisha pistoni ya sirinji kwanza, na kabla ya kusoma izungushe kidogo ili isikwame. Ukitumia silinda iliyopinduliwa majini, ishushe au iinue mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Kila sentimeta 10 za tofauti ni hektopaskali 10 hivi zilizoongezwa au kupunguzwa bila wewe kujua. Mwishowe, ngoja joto litulie. Mmenyuko huu hunyonya joto, na ukishika chupa utasikia imepoa. Nyuzi 10 za tofauti hubadilisha ujazo kwa zaidi ya asilimia 3.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata walimu makini. Programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha mgandamizo wa Goma kuwa 1,015 au karibu na hapo. Namba hiyo imesahihishwa ili ilingane na usawa wa bahari, kwa matumizi ya watabiri wa hali ya hewa, wala si mgandamizo uliomo darasani mwako. Ukiiingiza katika hesabu, kila kitu kitaharibika. Baadhi ya simu zina barometa ya kweli ndani yake, nayo itakusomea karibu 850.

Dalili ya tatu: maji ya oksijeni hayatoi oksijeni

Maji ya oksijeni ni peroksidi ya hidrojeni iliyochanganywa na maji. Chupa zake za dukani huandikwa "volume 10", yaani lita moja ya dawa hiyo hutoa lita 10 za oksijeni, na hizo nazo ni lita za nyuzi 0 na mgandamizo wa pwani. Mililita 20 zinazotakiwa kutoa mililita 200 zitatoa karibu 260 mjini Goma kwenye nyuzi 25. Ukipata 100, mwinuko hauhusiki hata kidogo. Dawa imekufa. Peroksidi ya hidrojeni huvunjika yenyewe kwa mwanga na joto, na chupa iliyokaa juani kwenye meza ya duka huwa maji matupu kabla ya tarehe yake. Ijaribu kwa kudondosha tone juu ya kipande cha kiazi kibichi kilichokatwa sasa hivi: povu jeupe likipanda mara moja, dawa ni hai, povu likikataa, nunua nyingine iliyokuwa gizani.

Povu likipatikana lakini kijiti chenye kaa hakilipuki kwa moto, kwa kawaida kijiti kimeingizwa katika gesi ya mwanzo, ambayo ni hewa ya chupa iliyosukumwa nje. Iache gesi ya kwanza ipite, kusanya inayofuata. Unga mweusi wa betri kavu za zamani hutumika kama kichocheo kwa sababu una dioksidi ya manganizi, lakini umechanganyika na kaboni, hivyo usipashwe moto pamoja na kitu chochote chenye oksijeni nyingi. Betri za alkali zisifunguliwe kabisa, kwani maji yake huunguza ngozi na macho.

Dalili ya nne: maji ya chokaa hayawi meupe, au yanakuwa meupe kisha yanang'aa tena

Hewa ya ukaa ikipitishwa ndani yake, maji ya chokaa huwa meupe. Yasipobadilika kabisa, angalia juu ya chupa. Utando mwembamba mweupe unaoelea ni dalili kwamba maji hayo yameshaingiwa na hewa ya ukaa ya chumbani na hayana chokaa ya kutosha. Tengeneza mengine, yaache yatulie usiku kucha, mimina sehemu safi ya juu na ufunge vizuri. Yakiwa meupe kisha yakang'aa, gesi imezidi: kaboneti ya kalisi iliyojitenga imegeuka kuwa bikaboneti inayoyeyuka. Yapashe moto na weupe utarudi. Hilo si kosa, bali ni mmenyuko wa pili, na darasa lifurahi kuuona.

Dalili ya tano: mshumaa chini ya glasi

Wanafunzi huambiwa kwamba mshumaa unaowaka katika sahani ya maji ukifunikwa kwa glasi, maji hupanda ndani ya glasi kwa sehemu moja ya tano kwa sababu oksijeni imeisha. Kisha kikundi kimoja kinapata sehemu moja ya kumi, kingine moja ya nne, na mwalimu hana la kusema. Kasoro iko katika maelezo, wala si katika mikono ya vikundi. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikiwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 16 hivi, hivyo nyingi bado ipo, na mahali pa ile iliyotumika huchukuliwa kwa sehemu na hewa ya ukaa. Kinachopandisha maji zaidi ni hewa iliyopata joto karibu na mwali, ikatanuka, kisha ikanywea baada ya mwali kuzimika. Mwambie mwanafunzi mmoja afunike glasi haraka, mwingine aishikilie juu ya mwali kwa muda kabla ya kuifunika: maji ya wa pili yatapanda zaidi, ingawa mshumaa ni uleule. Jaribio hili linafundisha vizuri uhusiano wa joto na ujazo, na litumike kwa hilo.

Dalili ya sita: hidrojeni

Zinki safi mno huanza taratibu kutoa hidrojeni katika asidi. Tone moja la sulfati ya shaba huiamsha. Mlio mkali wa kuchoma masikio gesi inapowashwa una maana kwamba hidrojeni imechanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka kuanzia asilimia 4 hadi 75 ya hidrojeni. Jaribu kwa mrija mdogo pekee, mbali na chupa inayozalisha gesi, na moto usikaribie kamwe mdomo wa chupa hiyo. Asidi ndiyo imwagwe ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Dalili ya mwisho: darasa linaumwa kichwa

Pasipo umeme, majaribio mengi hupashwa moto kwa mbabula, na mvua ikinyesha madirisha hufungwa. Wanafunzi wawili watatu wakianza kulalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, acha jaribio na utoe watu wote nje kabla ya kutafuta sababu nyingine yoyote. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndimi ndogo za buluu zinazocheza juu ya makala mekundu ni gesi hiyo ikiungua. Pale zisipoonekana, haina maana kwamba haipo.

Isichanganywe na mazuku ya kwetu, ambayo ni hewa ya ukaa itokayo ardhini na kujaa katika mabonde ya mawe ya volkano, hasa kando ya barabara ya Sake. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, hivyo hulala chini, na mtoto au mbuzi huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribiana na wa hewa na huenea chumba kizima, kwa hiyo kusimama au kupanda juu ya meza hakumwokoi mtu. Mshumaa pia usitegemewe: katika bonde la mazuku unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo binadamu ameshaanza kulemewa, na kwa monoksidi ya kaboni hauonyeshi chochote.

Mbabula iwashwe nje mpaka makala yote yawe mekundu, na hata hapo itumike barazani, si ndani, kwa kuwa makala mekundu huendelea kutoa gesi hiyo. Aliyezidiwa apelekwe hospitali haraka, na muuguzi aambiwe wazi kwamba kulikuwa na makala katika chumba kilichofungwa, kwa sababu kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba monoksidi ya kaboni, na huweza kuonyesha 98 kwa mgonjwa aliye hatarini.